Wekundu wa Gatongora

Atakaye kuipenda Gatongora aje Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika na buni zikiwa zimeiva. Udongo wa huku ni mwekundu wa kukera. Hatua kumi tu, viatu vimeshaongezeka uzito; ukirudi mjini jioni, pindo la suruali litamwambia kila abiria ulikotoka. Mibuni imesimama kwa safu, majani yaking'aa mvua ikishapita, na matunda mekundu yamebanana matawini hadi tawi linainama. Kwa mbali, juu ya mstari wa migrevilea, zinachungulia ghorofa za Ruiru ambazo hazijapakwa rangi, nondo zikiwa zimechomoza juu ya paa kungojea orofa nyingine siku pesa zitakapopatikana.

Gatongora ni wadi katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Matatu nambari 145 hukutoa katikati ya Nairobi hadi Ruiru, kilomita ishirini na kidogo kwa barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012 baada ya kujengwa na kampuni tatu za Kichina. Habari ya Wachina nitaigusa tena. Kutoka Ruiru ni bodaboda au miguu, na mimi nasema miguu, kwa sababu nchi hii imeumbwa kwa migongo na mabonde: unapanda, unashuka, unavuka kijito, unapanda tena. Mito ya upande huu, Kamiti, Ruiru na Ndarugo, yote yateremka kutoka nyanda za juu kuelekea mto Athi, na kila mmoja umejichimbia njia yake. Maji haya yamefanya kazi. Maporomoko ya mto Ruiru ndiyo yaliyoiwashia Nairobi taa mwanzoni mwa karne ya 20, mji ukiwa bado mahema na mabati kandokando ya reli.

Dereva wa boda aliponiona na mkoba alisimama mwenyewe. "Mkubwa, ni ploti unaenda kuona?" Nilipomwambia nimekuja kutembea tu, alinitazama kwa huruma akawasha pikipiki. Simlaumu. Mgeni anayefika huku siku hizi akiwa na viatu safi huwa anatafuta futi 50 kwa 100 na hati ya kumiliki. Sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru kuwa na karibu watu nusu milioni, na wote wanahitaji pa kulala.

Mkobani nilikuwa na vitabu. Kuna aina moja ya riwaya ya kihistoria inayouzwa sana duniani, nayo naipenda: wapendanao wawili katika nchi ya kikomunisti, Romania ya Ceauşescu au Ujerumani Mashariki ya Stasi, polisi wake wa siri. Jirani anaandika ripoti. Barua inafunguliwa kwa mvuke wa birika kabla ya kumfikia mwenyewe. Usiku kunabishwa hodi, mume anachukuliwa akiwa na soksi tu miguuni, na mke anabaki kupanga foleni kwenye lango la gereza na kifurushi cha mkate. Msomaji wa Ruiru huzisoma ndani ya matatu, akalowesha macho kwa ajili ya Bucharest, huku gari likipita Kahawa bila yeye kuinua kichwa dirishani.

Basi na ainue. Pale barabara inapopita Chuo Kikuu cha Kenyatta palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer Barracks. Jina hilo si la hapa. Jenerali Gerald Templer alitawala Malaya kuanzia 1952 hadi 1954, Waingereza walipokuwa wakipigana na wakomunisti msituni. Kabla yake na chini yake, wakulima karibu nusu milioni wa Malaya, wengi wao Wachina, walihamishwa kutoka mashamba yao wakatiwa ndani ya vijiji vyenye seng'enge na walinzi, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Mbinu ilipoonekana kufaulu ilipakiwa ikaletwa Kenya. Hapa hapakuwa na wakomunisti. Palikuwa na Wakikuyu, Waembu na Wameru waliotaka ardhi yao, wapiganaji wao wakiitwa Mau Mau, lakini fundi mwenye nyundo moja hupiga kila kitu kwa nyundo hiyo.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, ikadumu hadi Januari 1960. Kuanzia katikati ya 1954 watu walianza kufukuzwa nyumbani na nyumba zao kuchomwa. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamekusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Ni wanakijiji wenyewe waliochimba handaki la kuwazunguka, wakachonga vijiti na kuvisimika chini ya handaki ncha zikiwa juu. Lango lilikuwa moja. Mnara ulikuwa mmoja, wa homugadi, mlinzi mwenyeji wa serikali ya kikoloni. Kafyu ilifuata jua, na saa za kwenda shambani alizitoa mwenye bunduki. Katika nchi hii ya Ruiru, iliyokuwa mashamba ya walowezi, vibarua waliishi katika laini za mashamba hayohayo ya kahawa, na kwao nyapara wa mchana na mlinzi wa usiku walikuwa wa bwana mmoja.

Sasa tia mapenzi humo. Kijana wa mgongo huu anampenda msichana wa mgongo wa pili. Kati yao kuna bonde la nusu saa kwa miguu, ambalo babu zao walilivuka kwa wimbo na mbuzi wa posa. Mwaka 1955 bonde hilo linahitaji pasi yenye mhuri. Kadi ya kijana inaonyesha kama amechunguzwa na kusafishwa. Asipokuwa nayo ni kosa, akiwa nayo watu watajiuliza alisema nini ndani ya chumba cha uchunguzi ndipo akapewa. Na siku ya msako anaweza kupitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Kichwa cha gunia kikitikisika, kijana anapandishwa lori. Hakuna atakayejua ndani ya gunia alikuwa adui, mdeni au mwanamume mwingine aliyempenda msichana yuleyule. Waandishi wa Stasi wenye mafaili yao wangekionea wivu kifaa hicho, maana ni rahisi mno.

Ngũgĩ wa Thiong'o alizijua habari hizi kwa macho. Mwaka 1955 alirudi Limuru kutoka shule ya Alliance kwa likizo akakuta boma lao halipo. Katika A Grain of Wheat, riwaya yake ya 1967, Gikonyo anatoka kizuizini baada ya miaka sita akiwa ameishi kwa sura ya mkewe, na anapofika anamkuta Mumbi ana mtoto wa Karanja, homugadi aliyewahi kumtaka zamani. Mumbi aliyabeba yote kijijini, njaa, mtaro na mama mkwe, hadi siku moja ya udhaifu iliyotokana na habari njema kwamba mumewe anarudi. Sijasoma riwaya ya Ulaya Mashariki inayolijua jambo hili kwa undani zaidi: kwamba dola katili huwatenga wapenzi, kisha huwarudisha pamoja na kuwaachia kazi ya kuelezana.

Kiswahili nacho hakikukaa kimya. Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi ilitoka 1969, hadithi ya vita vya Mau Mau iliyosomwa na wanafunzi wengi wa Kenya kabla hawajasikia habari za riwaya za Kirusi. Linganisha na kitabu kilichoitangaza nchi hii kwa walimwengu, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley. Ni kitabu kizuri cha utoto wa mlowezi kabla ya Vita vya Kwanza, chenye vumbi, farasi na maua. Kilichapishwa 1959. Mwaka huohuo, tarehe 3 Machi, watu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya kizuizi ya Hola.

Nilishuka mabonde nikielekea kusini, upande wa Kamiti. Njia hii naisifu kwa moyo wote. Asubuhi yake ina ukungu unaokaa juu ya mito tu, ukiacha migongo wazi, na harufu ya maganda ya buni yanayochacha karibu na mashine, kali na tamu kwa pamoja. Katika shamba moja nilijaribu kuchuma. Mama mmoja mchumaji, debe lake likiwa limekaribia kujaa, alinitazama mara mbili kisha akanishika mkono. "Baba, hivyo unaua mti." Tunda hushikwa kwa ncha za vidole, likazungushwa kidogo, likaachia lenyewe, kikonyo kinabaki tawini, ili tawi lisijeruhiwe. Ukilibana, mbegu mbili zateleza nje na ute mtamu ambao watoto hunyonya. Mwafrika wa Kiambu alichuma hivyo kwa miongo mingi katika shamba la mtu mwingine, kwani mpaka miaka ya 1950 serikali ilimzuia kupanda mbuni wake mwenyewe. Baadaye jina la Ruiru ndilo lililokwenda duniani na mbegu: kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa kilitoa Ruiru 11 mwaka 1985, mbuni mfupi unaohimili kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa unaoozesha tunda likiwa bado bichi na uliokuwa umewafilisi wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kamiti ni gereza kubwa lenye ulinzi mkali kuliko yote Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari wanawake nao walizuiliwa huko. Mmoja wao alikuwa Mukami, mke wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau.

Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa hapo Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku moja kabla, alimwandikia barua padri Mkatoliki wa Nyeri. Haina hotuba ya mkuu wa jeshi. Anaomba mwanawe apelekwe shule. Anaomba mama yake mzee asiachwe peke yake. Kisha anasema mkewe yuko hapohapo Kamiti, amezuiliwa, huenda wakamwachia siku moja, na anaomba masista wamfariji kwa sababu yeye pia ana upweke. Ikiwezekana akae karibu na misheni. Mume na mke, gereza moja, na njia ya kumpelekea mkewe faraja ikapitia kwa padri aliye Nyeri. Ningekuwa mhariri wa riwaya ningemwambia mwandishi apunguze, haitaaminika.

Mukami aliishi hadi Mei 2023. Miaka yote hiyo aliiomba serikali moja baada ya nyingine imwonyeshe alikozikwa mumewe ndani ya uwanja wa Kamiti ili amzike upya. Mwaka 2007 Kimathi alipata sanamu ya shaba katikati ya Nairobi, kwenye mtaa wenye jina lake. Mwili haukupatikana, na mjane akazikwa bila kumpata.

Uhuru ulikuja 1963 na Kamiti ikabaki na kazi yake. Na hapo ndipo ile hofu ya wekundu iliyosafiri kutoka Malaya ilipopata makao ya kudumu. Kinaya hakikosi: serikali ya Kenyatta iliandika waraka rasmi mwaka 1965 ikijitangaza kufuata ujamaa wa Kiafrika, huku mjamaa wa kweli akiandamwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969, akiwa na umri wa miaka 22, kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya: Twendapi? Alitumikia miaka mitatu, sehemu kubwa yake Kamiti, na kutoka humo kukaja diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973 na kupewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule aliyemfunga. Ngũgĩ aliletwa mwishoni mwa 1977 baada ya mchezo wake na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩthũ. Anwani ya mchezo wenyewe ni ya msichana anayetaka kuolewa atakapopenda. Akapewa nambari K6,77, hakufunguliwa mashtaka, na akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni, ambazo zilikuwa ngumu kiasi cha kustahimili kalamu vizuri kuliko mwili.

Halafu kuna Maina wa Kinyatti. Alikuwa mwanahistoria wa Mau Mau na mhadhiri hapo Kahawa, katika chuo kilichochukua majengo ya Templer. Alikamatwa Juni 1982, akafungwa miaka sita kwa madai ya kuwa na maandishi ya uchochezi, na sehemu ya kifungo akaikalia Kamiti, mwendo mfupi tu kutoka darasani kwake. Enzi hizo kukutwa na Marx au Mao rafuni kulitosha kukufungulia faili. Mkewe, Mumbi wa Maina, alizunguka ofisi na mashirika ya haki akidai mumewe hadi alipotoka Oktoba 1988. Kwa hiyo ile picha ya mke kwenye lango la gereza na kifurushi mkononi ninayo, na sikuhitaji theluji. Ilikuwa na vumbi jekundu la Kamiti Road. Leo barabara inayopita mlango wa chuo hicho imejengwa na watu wa nchi ya Mao, na hakuna aliyeulizwa anasoma nini.

Asije mtu akadhani natetea upande wa pili. Anayetaka mapenzi chini ya dola ya mrengo wa kushoto hana haja ya kwenda Prague; avuke bahari mpaka Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, washauri wa Ujerumani Mashariki walikuja kujenga nyumba za ghorofa na pia kufundisha usalama wa taifa. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na dunia nzima ikasikia. Hapo dola iliingia hadi chumbani. Karume, rais wa Zanzibar, alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, mamia walitiwa ndani, na kutokana na mkasa huo Adam Shafi aliandika Haini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo riwaya ya Kiswahili inayokujulisha harufu ya selo kuliko zote. Ilichapishwa Nairobi mwaka 2003. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya Fasihi 2021, aliandika By the Sea mwaka 2001, na ndani yake yumo Mzanzibari aliyevuliwa nyumba na kufungwa, na kijana aliyepelekwa kusoma Ujerumani Mashariki. Vitabu hivyo viwili vilikuwa mkobani mwangu, na niliposoma kurasa chache za Haini nikiwa nimekaa kwenye ukingo juu ya mto, sikuona ugeni wowote. Mlinzi alikuwa yuleyule, amebadilisha kofia.

Ninachoisifia Gatongora ni kwamba imebeba haya yote na bado ni nchi ya kupendeza. Haina jumba la makumbusho, na sijui kama ingelitaka. Ina ndizi kando ya nyumba, ng'ombe wa maziwa mmoja mmoja chini ya mabati, kanisa kila baada ya kona mbili, na vijana waliokaa ukutani Jumapili na wasichana wao bila kumwonyesha mtu kitambulisho. Ina lugha tatu kwenye kila mazungumzo. Wakati huohuo mashamba makubwa yanakatwa vipande: upande mmoja mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya maelfu ya ekari zilizokuwa za kahawa, upande mwingine Membley imekwisha kujaa, na huko mbele Kahawa Sukari na Kahawa Wendani zimebaki na jina tu. Wanaouza wana sababu zao. Kahawa imewasaliti wakulima zaidi ya mara moja. Lakini laini za vibarua zinabomolewa pamoja na mibuni, na handaki likishafukiwa na kumwagiwa zege hakuna mwandishi atakayelikuta kwa kutembea. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Mau Mau pauni milioni 19.9, fedha na masikitiko, na wengi wa wazee hao sasa hawapo.

Ukienda, nenda asubuhi ukiwa na viatu vya kutupwa. Kunywa chai kwenye kibanda cha Ruiru kabla ya kuanza kupanda, kwa sababu huko juu utakutana na migomba mingi kuliko vibanda. Ukishasikia njaa ya kweli, rudi upande wa Eastern Bypass hadi Kamakis, ambako mbuzi huchomwa mchana na usiku na bei hupanda kulingana na gari ulilokuja nalo. Ukipendelea kushuka hadi Kamiti, kuna matatu za Kahawa West za kukurudisha mjini. Simu iache mfukoni unapopita kwenye ukuta wa gereza: ni marufuku kulipiga picha, na askari wa lango hana muda wa kusikiliza kwamba wewe ni mtu wa riwaya.